Sauti ya Mwanafunzi: Haki au Utovu wa Nidhamu?



Wapendwa wasomaji, tuanze na mfano wa kufikirika. Mwanafunzi wa sekondari ya serikali huku Mahurunga ananyoosha mkono mstarini asubuhi na kuuliza: wazazi wetu wamechangia uji tangu muhula ulipofunguliwa, mbona haupikwi? Wenzake wanashangilia. Mwalimu wa zamu anaona ameaibishwa, anaagiza fimbo. Je, kijana huyu ametumia haki yake au amekosa adabu?

Sheria inasemaje?

Ibara ya 18 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Ibara ya 30 inaweka mpaka: uhuru huo usivunje haki za wengine wala masilahi ya umma. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaingia hadi darasani. Kifungu cha 11 kinasema mtoto ana haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Kifungu cha 15 kinamtaka awaheshimu wazazi, walezi na wakubwa wake. Sheria moja imebeba yote mawili, kwa hiyo heshima haiwezi kutumika kufuta sauti, wala sauti kufuta heshima.

Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu kuhusu swali hili mwaka 1969, katika kesi ya wanafunzi waliovaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita ya Vietnam. Iliamua kwamba hofu ya fujo peke yake haitoshi kumnyamazisha mwanafunzi. Shule ionyeshe kwamba masomo yanavurugika kweli, au kwamba ina sababu za msingi za kutarajia hivyo. Hukumu hiyo haitufungi sisi, ila kipimo chake kinasaidia kufikiri.

Hata hapa nyumbani wazo hili si geni. Katika Elimu ya Kujitegemea (1967), Mwalimu Nyerere alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba la shule, wajifunze demokrasia kwa kuitenda.

Imani na falsafa zinasemaje?

Mtakatifu Yohane XXIII, katika waraka Pacem in Terris (1963), anahesabu uhuru wa kutafuta ukweli na kutoa maoni kati ya haki za binadamu, ndani ya mipaka ya maadili na manufaa ya wote. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba aliye chini anaweza kumrekebisha mkubwa wake kwa upendo, mradi afanye hivyo kwa upole na heshima. Nasi tukumbuke kijana Samweli (1 Sam 3). Aliogopa kumweleza Eli ujumbe mzito uliomhusu Eli mwenyewe. Eli ndiye aliyemsihi asimfiche neno lolote, naye alipousikia akaupokea. Wahenga walisema: mkubwa ni jalala.

Turudi kwenye mfano wetu

Swali la kijana ni halali: linahusu chakula chake na jasho la wazazi wake. Kama ametukana au amemsingizia mtu wizi bila ushahidi, hapo aonywe. Kuhusu mahali, pengine baraza la wanafunzi lingefaa zaidi kuliko mstarini. Lakini kama baraza haliitishwi, tutamlaumuje kwa kusema pale alipopata nafasi?

Jando na unyago vimetufundisha huku Kusini kuwanyenyekea wakubwa, na hilo ni jema. Hatari inakuja pale unyenyekevu unapogeuka ukimya. Mtoto aliyechapwa kwa kuuliza habari za uji atajifunza kwamba kusema kuna maumivu. Kesho mtu mzima akimshika vibaya njiani au hata shuleni, atamwambia nani? Tunaponyamazisha swali dogo, tunaziba pia kilio kikubwa.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika shule ya kijiji chetu, mwanafunzi mwenye lalamiko anaanzia kwa nani?
2. Sisi wazazi, je, tunamsikiliza mtoto kabla ya kumhukumu?
3. Tunawafundishaje vijana kusema ukweli bila matusi na bila woga?

Mungu atujalie moyo wa Samweli wa kusema, na masikio ya Eli ya kupokea. Amina.