Darasa Likisimamishwa "kwa Muda": Tuhesabu Kabla ya Kunyamaza



Mwanzoni mwa muhula wazazi watatu wa shamba letu la chai hapa Uganda walikuja ofisi ya tawi na barua moja. Shule ya sekondari ambako watoto wetu wengi husoma ilikuwa imeandika kwamba mwaka huu haitapokea wanafunzi wa kidato cha tano, kwa sababu walioomba ni wachache. Barua ilisema shule "inasimamisha kwa muda" na kwamba "hali itaangaliwa upya".

Mmoja wao, mama anayechuma chai, aliniuliza: "Ndugu katibu, hili ni jambo la chama, au ni la walimu na wazazi tu?"

Sikuwa na jibu siku ile. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba, na mambo ya kidato cha tano nayajua kwa ada ninazolipa. Lakini maneno "kwa muda" niliyafahamu. Mwaka 2009 nilikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Tangazo liliwekwa ubaoni kwamba zamu ya usiku imesimamishwa kwa muda, pamba haitoshi. Tulikubali, maana pamba kweli ilikuwa haba. Baada ya miezi michache mashine za usiku zilianza kufunguliwa vipuri ili kutengeneza za mchana. Mafundi wake walitafuta kazi kwingine. Pamba iliporudi, tuliambiwa zamu ya usiku haiwezi kuanza kwa sababu hakuna mafundi wala mashine. Hakuna siku tuliyoambiwa kwamba zamu imefungwa. Ilijifunga yenyewe huku tukisubiri.

Basi nilitafuta kujua mambo haya yanakwendaje huko Uingereza. Kidato cha tano na cha sita tulivipata kutoka kwao wakati wa ukoloni. Kenya iliviacha ilipoingia mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, na mtihani wa mwisho wa kidato cha sita ukafanywa 1989. Uganda na Tanzania tumebaki navyo. Huko Uingereza shule kusimamisha kupokea wanafunzi wa miaka hiyo miwili, kwa sababu ya uchache wao, ni jambo linalotokea, na hesabu zake ziko wazi. Nitasema hasa juu ya England, kwa kuwa Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.

1. SHULE INAHESABU NINI

Serikali hulipa shule za England kwa kichwa cha mwanafunzi. Kuanzia 2013 hadi 2020 kiwango cha msingi kwa mwanafunzi wa miaka 16 na 17 kilikaa palepale, pauni 4,000 kwa mwaka, ingawa bei za vitu zilikuwa zikipanda. Katika mwaka wa masomo wa 2020/21 kilifika pauni 4,188, na baadaye kimeongezwa tena. Kwa hiyo kwa miaka saba pesa ya mwanafunzi mmoja ilikuwa ikipungua nguvu bila tarakimu kubadilika. Sisi tunaijua hali hiyo kwa mishahara yetu.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme shule inapokea wanafunzi 60 kila mwaka, na kila mmoja anachagua masomo matatu. Hivyo kuna nafasi 180 za kukaliwa darasani. Shule ikifundisha masomo 15, kila somo lina wanafunzi 12. Wanafunzi wakishuka hadi 30, nafasi ni 90, na kila somo lina wanafunzi sita. Mwalimu wa fizikia analipwa mshahara uleule, awe na 12 au sita. Pesa zimepungua nusu. Kazi haikupungua nusu.

Shule ikitaka kujiokoa kwa kupunguza masomo hadi manane, madarasa yanajaa tena. Lakini kijana aliyetaka kemia pamoja na hesabu na biolojia akikosa kemia, anaondoka na masomo yake yote matatu. Na mwaka unaofuata wanafunzi wanapungua zaidi.

Kwa hiyo tusiseme haraka kwamba mkuu wa shule ni mwongo. Shida yake ni ya kweli. Mwongozo wa wizara yao ya elimu kwa shule inayotaka kufungua masomo hayo upya umetaka itarajie wanafunzi wasiopungua 200 na masomo yasiyopungua 15. Shule nyingi ndogo haziwezi kufika huko.

2. WATOTO WAMEKWENDA WAPI?

Hili ndilo swali la kwanza la kumwuliza yeyote asemaye "wanafunzi wamepungua". Wamepungua duniani, au wamepungua hapa tu?

Katika England na Wales vizazi vimepungua kweli. Mwaka 2012 walizaliwa watoto 729,674. Mwaka 2023 walizaliwa 591,072. Lakini mtoto aliyezaliwa 2012 hutimiza miaka 16 mwaka 2028. Upungufu huo umeanza kuzipiga shule za msingi, na London zimekwisha kufungwa kadhaa. Kabla ya 2028 haujafika kwa vijana wa miaka 16.

Tena, tangu 2015 sheria ya England inamtaka kila kijana aendelee na masomo au mafunzo ya kazi mpaka atimize miaka 18. Kwa hiyo wale ambao hawakuja wako mahali fulani. Wako katika chuo kikubwa cha mjini, au shule ya jirani yenye masomo mengi, au mafunzo ya ufundi. Shule zinagombea vijana walewale, na pesa zinawafuata. Ndogo inashindwa, kubwa inakua.

Jibu la swali hili linabadilisha dawa. Kama watoto hawapo kabisa, shule mbili zinaweza kuunganisha masomo. Kama wapo lakini wanapita mlangoni kwenda kwingine, lazima ijulikane kwa nini wanapita.

3. KWA NINI MWAKA MMOJA NI MREFU

Huko England pesa za mwaka huu kwa kawaida hupigwa kwa idadi ya wanafunzi wa mwaka uliopita. Turudi kwenye shule yetu ya mfano, iliyobaki na wanafunzi 30 kila mwaka, yaani 60 kwa miaka yote miwili.

Mwaka wa kusimamisha: wamebaki 30 wa mwaka wa mwisho, lakini shule inapata pesa za 60. Wasimamizi wanaona mambo ni mazuri.

Mwaka wa kufungua tena: wanaingia 30 wapya, hakuna wa mwaka wa mwisho. Pesa ni za 30. Shule inajikokota.

Mwaka unaofuata: wako 60 tena, lakini pesa bado ni za 30. Hapo ndipo shule inapokwama.

Na hesabu hiyo imechukulia kwamba wale 30 watakuja kama zamani. Lakini mzazi gani atampeleka mtoto mahali ambapo mwaka jana mlango ulifungwa? Walimu wa masomo hayo wamekwisha hamia kwingine. Hakuna wanafunzi wakubwa wa kuwaonyesha wadogo njia. Ni ile zamu yangu ya usiku. Mashine hazijauzwa, lakini zimefunguliwa vipuri.

Kufunga kabisa kuna utaratibu. Shule inayosimamiwa na halmashauri huko England ikitaka kuondoa masomo hayo, lazima pendekezo litangazwe na watu wapewe wiki nne za kutoa maoni. Lakini kusimamisha kwa mwaka mmoja mara nyingi wazazi hukujua kwa barua tu. Wanaposikia neno "kufunga", darasa limekwisha kuwa tupu, na kutoa maoni juu ya darasa tupu ni kazi ngumu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

4. NANI ANABEBA MZIGO

Wa kwanza ni wanafunzi waliobaki mwaka wa mwisho. Wanasoma kwa mtihani wao mkubwa huku walimu wanaaga mmoja mmoja.

Wa pili ni familia zenye kipato kidogo. Katika England usafiri wa bure wa shule ni haki ya mtoto mpaka miaka 16, kwa mwenye kutimiza masharti. Baada ya hapo halmashauri hailazimiki kumlipia kila kijana basi. Shule ya karibu ikifunga mlango, nauli inahamia mfukoni mwa mzazi. Zamani palikuwa na posho ya vijana wanaoendelea na masomo, hadi pauni 30 kwa wiki, iliyoenea nchi nzima mwaka 2004. Katika England ilifutwa mwaka 2011, na mahali pake pakawekwa mfuko mdogo zaidi. Mtoto wa tajiri atafika chuo cha mbali. Mtoto wa mfagizi ataanza kuhesabu nauli.

Wa tatu ni wafanyakazi wa shule. Si walimu tu. Wamo watunza maabara, wa maktaba, wapishi na wafagizi. Walimu wengi huko wamo katika chama cha NEU, kilichoundwa 2017 kwa kuunganisha vyama viwili. Wafanyakazi wengine wengi wamo UNISON na GMB. Jambo moja likiwagusa wote, vyama hivyo vinalazimika kukaa meza moja.

5. SHERIA NA HESABU YA WATU

Uingereza mwajiri akitaka kupunguza watu 20 au zaidi mahali pamoja katika siku 90, lazima kwanza ashauriane na chama, na mashauriano yaanze angalau siku 30 kabla ya mtu wa kwanza kuondoka. Shule moja inayosimamisha darasa hupunguza wanne au watano. Haifiki 20. Kwa hiyo kishindo cha sheria hakisikiki, na chama kinabaki kutegemea nguvu ya wanachama wake.

Hapa Uganda Sheria ya Ajira ya 2006 inaweka hesabu ya chini zaidi: watu 10 au zaidi ndani ya miezi mitatu, kwa sababu za uchumi, mitambo au mpangilio wa kazi. Hapo mwajiri lazima akipe chama habari za kupunguza huko, sababu na idadi ya watu, si chini ya wiki nne kabla, na amwandikie Kamishna wa Kazi.

Angalieni vizuri: ndani ya miezi mitatu. Kule kiwandani kwetu walitolewa saba mwezi wa kwanza, na sita mwezi uliofuata. Sisi tulihesabu kila kundi peke yake tukasema hawafiki kumi. Jumla walikuwa 13. Sheria ilikuwa upande wetu, na sisi hatukujumlisha. Nimelibeba kosa hilo hadi leo, na ndiyo sababu nawaandikia somo la hesabu.

6. TUFANYE NINI

Nilimjibu yule mama: ndiyo, ni jambo la chama. Mtoto wa mchuma chai akikosa kidato cha tano karibu, gharama ya bweni inatoka katika mshahara tunaoujadili na mwajiri. Na mpishi wa shule ni mfanyakazi kama sisi.

Shule za kulipia hapa kwetu hutegemea ada ya mzazi, kwa hiyo pesa hufuata mtoto moja kwa moja kuliko hata Uingereza. Tulikwisha ona ada zilipokatika. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona na hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2022, na baadhi ya shule za watu binafsi hazikurudi tena.

Barua ya "kusimamisha kwa muda" ikija, iwe ya shule au ya kiwanda, tutake majibu kwa maandishi:

(a) Walioomba ni wangapi, na wa miaka mitatu iliyopita walikuwa wangapi?
(b) Wasiokuja wamekwenda wapi?
(c) Tarehe gani uamuzi utaangaliwa upya, na nani atakuwapo mezani?
(d) Wakifika wangapi mlango utafunguliwa? Itajwe idadi.
(e) Walimu na vifaa vitalindwaje katika kipindi hicho?
(f) Wanafunzi waliobaki watafundishwa na nani mpaka mtihani?

Mwenye nia ya kufungua tena atakuwa na tarehe na idadi. Asiye nayo, amekwisha funga, ila hajasema.

Wale wazazi watatu walirudi shuleni wakiwa 19, pamoja na walimu wawili. Mkuu wa shule hakuweza kufungua kidato cha tano mwaka huu. Lakini ameandika idadi: wakipatikana 25 kabla ya muhula wa kwanza ujao, darasa litaanza, na mwalimu wa hesabu hatahamishwa. Sasa wazazi wanapita nyumba kwa nyumba katika kambi za shamba wakiandika majina. Mpaka naandika haya wamefika 17.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Ni kitu gani mahali pako pa kazi kilisimamishwa "kwa muda"? Kilirudi?
2. Katika miezi mitatu iliyopita wameondolewa wangapi kwenu? Jumlisheni wote, msihesabu kundi moja moja.
3. Shule ya karibu na kambi yenu ina wanafunzi wangapi wa kidato cha tano? Nani katika tawi atakwenda kuuliza?