Mmetengana, Ndoa Bado Ipo: Kodi Ni Wajibu wa Nani?



Katika jumuiya zetu wako mume na mke wasioishi tena nyumba moja. Hawajaachana kisheria, na mbele ya Kanisa ndoa yao ingalipo. Sheria za Kanisa, kanuni ya 1151 hadi 1155, zinakubali kwamba kwa sababu nzito wanandoa waweza kutengana, lakini kifungo cha ndoa kinabaki. Leo tujifunze jambo ambalo wengi hulisahau: wanapotengana, kodi inakuwaje?

1. Kila mtu na ritani yake

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, ilipoandikwa 1973 ilihesabu mapato ya mke anayeishi na mumewe kuwa ni ya mume. Lakini sheria hiyo ilisema mke hahesabiwi kuishi na mumewe ikiwa wametengana kwa amri ya mahakama, kwa mapatano ya maandishi, au kwa namna inayoonyesha kwamba hawatarudiana.

Kwa hiyo wewe mama uliyetengana, usikae ukidhani kwamba mumeo anakujazia. Mwenye namba ya PIN na mapato yake, ritani ni yake. Nawe baba, usijaze mapato ya mkeo katika fomu yako kwa mazoea ya zamani.

2. Gharama ya kunyamaza

Ritani ya mwaka uliopita huwasilishwa kati ya Januari 1 na Juni 30. Anayechelewa hutozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, lolote lililo kubwa. Tuseme mama amekaa miaka minne akimngojea mumewe. Faini peke yake yaweza kufika shilingi 8,000, na siku atakapohitaji cheti cha kutimiza kodi ili apate kazi, atakuta mlango umefungwa.

Tena msisahau haki yenu. Nafuu ya kodi ya shilingi 2,400 kwa mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka, ni ya kila mlipa kodi mkaazi. Haipungui kwa sababu ya kutengana, wala mmoja hawezi kutumia ya mwenzake.

3. Nyumba ya kupangisha mliyojenga pamoja

Hapa ndipo ugomvi huzaliwa. Mmoja anapokea kodi ya nyumba, na jina la mwingine limo kwenye hati. Tangu Januari 2024, mapato ya kupangisha nyumba za kuishi, yakizidi shilingi 288,000 kwa mwaka lakini yasipite milioni 15, hutozwa asilimia 7.5. Hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Nyumba ikileta shilingi 60,000 kwa mwezi, nanyi mkigawana sawa, kila mmoja ana 30,000 na kodi yake ni 2,250. Andikeni mapatano hayo, mtie sahihi mbele ya shahidi, na kila mmoja aweke nakala. Stakabadhi zitunzwe kwa miaka mitano.

4. Mambo ya kuepuka

Usimpe mwenzako neno lako la siri la iTax, hata kama zamani yeye ndiye aliyekujazia. Libadilishe. Usitie sahihi karatasi ya kodi usiyoisoma. Wala usitumie kodi kama fimbo ya kumchapia mwenzako, kwa kumficha barua au kumchongea kwa uongo. Mkishindwa kuelewana, nendeni ofisi ya KRA au Huduma Centre iliyo karibu, kila mmoja na kitambulisho chake.

Bwana wetu alipoonyeshwa sarafu yenye sura ya Kaisari, hakumwachia mtu yeyote nafasi ya kukwepa. Ukweli katika hesabu ni sehemu ya haki, na watoto wenu wanawatazama. Huenda siku moja Mungu akawarudisha nyumba moja. Itakuwa heri mkutane bila deni lililofichwa kati yenu.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, kila mmoja wetu ameshawasilisha ritani yake ya mwaka uliopita?
2. Ni mali gani tunayomiliki pamoja, na nani anailipia kodi?
3. Jumuiya yetu yaweza kumsaidiaje aliyetengana, bila kumhukumu?