Dondoo muhimu: Waifai ya kulipia mjini Mpanda

Umeshuka kwenye treni ya kutoka Tabora na unahitaji intaneti haraka? Anza kuulizia kwenye gesti, migahawa na steshenari. Kabla hujatoa hela, uliza: vocha inahesabu muda au MB? Swali hili ndilo linalookoa pesa. Vocha nyingi za muda huanza kuhesabu pale unapoingiza namba za kwenye kikaratasi cha vocha, na saa haisimami hata ukizima simu. Kwa hiyo andaa mafaili yako yote, zima masasisho ya programu, ndipo uingize namba hizo.

Mwombe mhudumu akutajie jina kamili la mtandao, maana jina linalofanana nalo laweza kuwa la tapeli. Programu ya benki, nakusihi, ifungue kwa bando lako mwenyewe. M-Pesa ya *150*00# haipiti kwenye waifai kabisa.

Umeme nao: ukikatika, wenye waifai wana sola au jenereta? Ulizia mapema.

Unaendelea hadi Sitalike, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Katavi? Pakua ramani na risiti zako ukiwa bado mjini.