Programu Inayoamka Ikiitwa: Kuunda na Kupanga Fanksheni Zisizo na Seva

Mkulima mwenye debe la mahindi hanunui mashine ya kusaga. Hulichukua debe lake kichwani au juu ya baiskeli, huenda mpaka kwenye mashine, hulipa kwa kadiri ya mahindi aliyoleta, kisha hurudi nyumbani na unga wake. Gharama ya injini, dizeli, vipuri na fundi ni shauri la mwenye mashine. Siku ambayo mkulima hana mahindi halipi hata senti moja, ingawa mashine ingali imesimama pale pale.

Kwa miaka mingi watumiaji wa kompyuta hawakuwa na njia ya namna hiyo. Shule au ofisi iliyotaka programu yake iwahudumie watu kutoka mbali ilibidi iwe na kompyuta maalumu ya kuhudumia, yaani seva, iiwashe usiku na mchana na kuitunza, hata kama waliohudumiwa walikuwa kumi tu kwa siku. Mwaka 2006 kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza kukodisha seva kwa saa, katika huduma iitwayo EC2, na yafaa ijulikane kwamba kazi ya awali ya kuibuni huduma hiyo ilifanywa na wahandisi waliokuwa Cape Town, Afrika ya Kusini. Lakini mwenye kukodi seva huilipia iwapo imefanya kazi na iwapo imekaa bure. Ni sawa na kuikodi mashine ya kusaga kutwa nzima kwa ajili ya debe moja.

Mnamo Novemba 2014 kampuni hiyo ilitangaza huduma nyingine, Lambda, ambayo ndiyo inayoelezwa hapa. Jina hilo ni la herufi ya Kigiriki ambayo mwanahisabati Alonzo Church aliitumia katika miaka ya 1930 kuandikia fanksheni. Microsoft na Google nazo zina huduma za aina hii, na aliyeielewa moja hatapotea katika nyingine, ijapokuwa majina ya vitu na tarakimu hutofautiana.

Fanksheni katika hesabu ni kanuni inayopokea kitu na kutoa kitu: ukiipa 3 katika kanuni ya kuzidisha namba kwa yenyewe, hutoa 9. Fanksheni ya kompyuta ni kipande cha programu chenye tabia hiyo hiyo. Ama neno "isiyo na seva", hilo linapotosha kidogo. Seva zipo, tena kwa maelfu, katika majumba makubwa ambayo kwa pamoja huitwa "wingu" kwa sababu mtumiaji huyafikia kwa intaneti bila kuyaona. Asiye na seva ni mwandishi wa programu: hainunui, haikodi, wala hajui ni ipi kati ya hizo iliyomfanyia kazi yake.

Na ichukuliwe shule ya sekondari inayotengeneza vitambulisho. Walimu wa madarasa huwapiga wanafunzi picha kwa simu na kuzipeleka katika ghala la vitu la wingu, ambalo kwa Amazon huitwa S3. Picha moja ya simu huweza kuwa na nukta milioni 12, nayo ni kubwa mno kwa kitambulisho. Inatakiwa programu ambayo, kila picha inapoingia ghalani, huamka, hutengeneza nakala ndogo ya picha hiyo na kuiweka mahali pengine, kisha hulala.

Hatua ya kwanza ni kuunda. Mwandishi huipa fanksheni jina na kuchagua lugha atakayoiandikia. Mwaka 2014 palikuwa na JavaScript peke yake. Baadaye ziliongezwa Python, Java na nyinginezo. Kisha huonyesha mlango wa kuingilia, yaani sehemu ya programu itakayoitwa kwanza. Katika Python mlango huandikwa kwa jina la faili, nukta, na jina la fanksheni. Kama faili ni picha.py na fanksheni yenyewe ni punguza, mlango ni "picha.punguza". Mlango hupokea vitu viwili: taarifa ya tukio lililoiamsha programu, na maelezo ya mazingira inamofanyia kazi, kama vile muda uliobakia.

Hapa wanaoanza hukosea mara nyingi. Tukio halibebi picha. Hubeba taarifa kama jina la ghala na jina la picha, mfano wa karatasi ya posta inayomwambia mtu kwamba ana kifurushi. Fanksheni hulazimika kwenda ghalani yenyewe kuchukua picha, na kwenda huko kunataka idhini. Fanksheni iliyoundwa upya kwa njia ya kawaida ina idhini moja tu, ya kuandika katika daftari la matukio; ikijaribu kusoma ghala hukataliwa. Kwa hiyo mwenye fanksheni huitolea idhini mbili zaidi: kusoma ghala la kupokelea na kuandika katika ghala la kutolea. Wapo wanaochoka na kukataliwa huku na kuipa fanksheni idhini ya kufanya kila jambo katika akaunti nzima. Ni uzembe wa kumkabidhi mfagizi funguo za ofisi ya mhasibu, kwa sababu mtu mbaya akifaulu kuichezea fanksheni hiyo amekwisha kuipata akaunti yote. Aidha, idhini ina upande wa pili: ghala nalo lazima liruhusiwe kuiita fanksheni, ama sivyo tukio hutokea na hakuna kinachoamka.

Kinachofuata ni kumbukumbu na muda. Kumbukumbu huchaguliwa kuanzia megabaiti 128 hadi 10,240. Bila maelekezo huwa 128. Picha ya nukta milioni 12, ikifunguliwa kwa baiti 3 kila nukta, huchukua megabaiti 36, na programu ya kuipunguza huweza kuhitaji nafasi ya picha zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Basi 128 ni nafasi finyu na 512 ni ya kutosha. Kikomo cha muda ni sekunde 3 bila maelekezo, na hakipiti dakika 15. Muda ukiisha kazi hukatwa palipofikia, hata kama ilibakia mistari miwili. Kwa kazi ya saa nzima fanksheni hizi hazifai.

Uchaguzi wa kumbukumbu una siri ambayo walimu wa hesabu wataipenda. Nguvu ya kukokotoa hutolewa kwa kadiri ya kumbukumbu: mwenye kuchagua megabaiti 1,769 hupata nguvu sawa na ya kichakato kimoja kizima, na aliye chini ya hapo hupata sehemu yake. Malipo nayo huhesabiwa kwa kuzidisha kumbukumbu kwa muda, na kipimo chake ni gigabaiti-sekunde. Kazi ya ukokotoaji mtupu iliyochukua sekunde 8 kwa megabaiti 128 hutumia gigabaiti-sekunde 0.125 × 8, yaani 1. Ikipewa megabaiti 1,024 hupata nguvu mara nane na kumalizika kwa sekunde 1, nayo ni gigabaiti-sekunde 1 vile vile. Gharama haikuongezeka, na mtu amengoja sekunde moja badala ya nane. Anayedhani kwamba kumbukumbu ndogo daima ni rahisi hudanganyika. Hesabu hiyo hata hivyo haishiki kwa kazi ambayo muda wake mwingi ni wa kungoja jibu kutoka kompyuta nyingine. Kungoja hakuharakishwi kwa nguvu.

Bei ya Amazon katika kituo chake cha Virginia, Marekani, ni dola 0.20 kwa kila miito milioni moja, na dola 0.0000166667 kwa kila gigabaiti-sekunde. Tangu Desemba 2020 muda hupimwa kwa milisekunde. Kabla ya hapo ulipimwa kwa mafungu ya milisekunde 100. Kama mkoa mzima ungeshughulikia picha 200,000 kwa megabaiti 512, kila moja kwa sekunde 0.4, zingetumika gigabaiti-sekunde 40,000, ambazo ni senti 67 za dola, na miito ingekuwa senti 4. Jumla ni senti 71 kwa picha laki mbili.

Urahisi huo ndio unaowalevya watu. Sasa na ichukuliwe kwamba mwenye fanksheni, kwa kutaka kupunguza usumbufu, anaziandika picha ndogo katika ghala lile lile la kupokelea, tena mbili kwa kila picha: moja ya kitambulisho na moja ya rejista. Picha ndogo imeingia ghalani; basi ni tukio jipya, na fanksheni huamka kuipunguza. Hutoa picha mbili nyingine, na kila moja huamsha tena. Picha moja huzaa 2, kisha 4, kisha 8. Katika kizazi cha kumi ni 1,024, na katika cha ishirini ni 1,048,576. Mashine ya kijiji ingezuia balaa hili kwa foleni, maana husaga debe moja baada ya jingine. Wingu halina foleni ya namna hiyo: kila tukio lisilopata nakala ya fanksheni iliyo huru hufunguliwa nakala mpya, na zote huenda pamoja.

Kinachozuia ni kikomo cha akaunti, ambacho kwa kawaida ni nakala 1,000 kwa wakati mmoja katika kituo kimoja. Nakala 1,000 za nusu gigabaiti zikienda siku nzima, sekunde 86,400, hutumia gigabaiti-sekunde 43,200,000, nazo ni dola 720. Kwa sekunde 0.4 kila moja, miito ni milioni 216, na hiyo ni dola 43.20 zaidi, bila kuhesabu malipo ya ghala. Kitu kilichogharimu senti 71 kwa mkoa kimegharimu zaidi ya dola 760 kwa siku moja, na hakuna ufa wowote katika programu: kila mstari unafanya ulichoambiwa. Kosa lipo katika mpangilio, mahali ambapo pato limeelekezwa. Tangu mwaka 2023 Amazon imeweka kinga inayotambua baadhi ya mizunguko na kuikata baada ya miito kama 16, na mwaka 2024 kinga hiyo ilifikishwa kwenye ghala la S3. Lakini haitambui kila aina ya mzunguko, wala si busara kuendesha gari bila breki kwa kutegemea ukingo wa daraja. Njia ya hakika ni ghala mbili tofauti, pamoja na kuipangia fanksheni kikomo chake yenyewe, kwa mfano nakala 10. Kikomo hicho kikiwekwa 0, fanksheni husimama mara moja. Hiyo ndiyo breki ya dharura, na kila mwenye fanksheni hana budi kujua mahali ilipo kabla hajaihitaji.

Jambo jingine linalowatatanisha wengi ni kurudiwa kwa kazi. Ghala huahidi kulitoa kila tukio walau mara moja, na "walau" si "mara moja tu". Zaidi ya hayo, tukio la namna hii likishindikana, Lambda hulijaribu tena mara mbili. Kwa picha hakuna hasara, kwa kuwa nakala ya pili hukaa juu ya ile ya kwanza na matokeo ni yale yale. Lakini fanksheni inayomkata mzazi ada ya shule, ikakatika baada ya kutoa fedha na kabla ya kuandika stakabadhi, inaweza kumkata mara tatu. Dawa yake ni kuliandikia kila tukio namba, na kuikagua namba hiyo kabla ya kugusa fedha. Namba lazima ikae nje, katika hifadhi ya kudumu, maana fanksheni yenyewe haina ahadi ya kukumbuka chochote kati ya mwito mmoja na mwingine.

Kuhusu kuamka, neno moja linatosha. Fundi anayewasha injini asubuhi humngojesha mteja wa kwanza kuliko wa pili, na fanksheni iliyolala ni hivyo hivyo. Kila nakala hufungiwa ndani ya kompyuta ndogo ya kubuni. Programu ya Firecracker, ambayo Amazon iliitangaza mwaka 2018, huweza kuiwasha kompyuta ya namna hiyo kwa milisekunde 125 hivi, lakini kupakia lugha na maktaba huongeza muda, wakati mwingine kupita sekunde moja. Tangu Agosti 2025 muda huo wa kuamka hulipiwa. Kwa hiyo maktaba isiyotumika na iondolewe.

Maswali kwa darasa. (1) Fanksheni yenye megabaiti 256 huchukua sekunde 6. Ikipewa megabaiti 768 huchukua sekunde 2.5. Gharama ya muda imeongezeka kwa asilimia ngapi? (2) Fanksheni iliyoingia katika mzunguko hutoa picha mbili kwa kila picha. Miito yote, tangu picha ya kwanza hadi mwisho wa kizazi cha kumi, ni mingapi? (3) Ipi kati ya kazi hizi inaweza kurudiwa bila madhara: kuandika 7 katika kisanduku, au kuongeza 7 kwenye namba iliyomo?

Majibu: (1) 25. (2) 2,047, picha ya mwanzo ikihesabiwa kizazi 0. (3) Ya kwanza.