Dondoo muhimu: Mama, Krismasi isikumalize

Desemba huleta sikukuu, safari ya kijijini na maandalizi ya shule kwa mpigo. Punguza mzigo hivi:

• Ada kwanza. Tenga pesa ya ada, sare na madaftari ya Januari kabla ya kununua nguo za sikukuu.

• Nunua mapema vinavyokaa: mchele, mafuta, sukari, viungo vya pilau. Nyama na nyanya zisubiri tarehe 24.

• Kata tiketi mapema. Mabasi ya Moshi na Arusha hujaa wiki ya Krismasi.

• Andaa usiku. Chambua mchele, menya vitunguu, twanga tangawizi na kitunguu saumu. Asubuhi ibaki kupika tu.

• Gawa kazi kwa majina. Baba aende buchani, wifi asukume chapati, watoto wakubwa waoshe vyombo. "Mtanisaidia" haina mwenyewe.

• Taja kiasi chako. Mchango wa ukoo ukikuzidi, sema mapema; usikope kwa ajili ya siku moja.

• Tarehe 26, pumzika. Pasha kiporo cha pilau mpaka kichemke vizuri, watoto wajipakulie, nawe ulale mchana.