Kabla ya Rangi, Pima Ubao

Wanaotaka kujitengenezea mashine ya gemu nyumbani huniuliza kwanza kuhusu rangi ya vitufe. Nami huwarudishia swali: ubao wako una unene gani? Jibu la hapo huondoa nusu ya vitufe vilivyoko dukani.

Kuna vitufe vya kubana, mfano OBSF-30 ya kampuni ya Sanwa ya Japani. Unakisukuma kwenye tundu la mm 30, na vijimeno vyake vya plastiki vinanasa upande wa chini. Vitufe hivi vimekusudiwa bati au plastiki nyembamba. Kwenye plaiwudi ya mm 18 vijimeno havina pa kunasa, mpaka uchimbe mbao kwa chini ibaki nyembamba, kazi ya vumbi nisiyoipenda hata kidogo. Kwa ubao mnene nachukua vya kufunga kwa nati, hasa vile virefu vya mtindo wa Kimarekani, ambavyo tundu lake ni kama mm 28.5. Uzi wake hupenya ubao na nati bado ikapata pa kushika. Kama utafunika juu kwa pleksiglasi, jumlisha na unene huo. Na usiguse drili kabla vitufe havijafika. Vikifika, toboa kwanza kipande cha mbao usichokihitaji, uvijaribie hapo.

Halafu mguso. Cha Sanwa ni chepesi mno, kiasi kwamba mwenye mazoea ya kulaza vidole juu ya vitufe hurusha ngumi asizokusudia. Cha Kimarekani kinataka nguvu zaidi, na swichi yake hulia "tik". Gemu za kupigana nazichezea Sanwa. Watoto wanaobonyeza kama wanatwanga mahindi, wape cha Kimarekani.

Idadi inategemea gemu. Pac-Man ya 1980 huchezwa kwa jostiki peke yake. Asteroids ya 1979 haina jostiki kabisa, ina vitufe vitano. Street Fighter II ya 1991 ndiyo inayodai sita: vitatu vya ngumi, vitatu vya mateke. Mimi huweka sita.

Vya taa vinapendeza, ila soma volti: waya wa USB hutoa 5, na vingi sokoni ni vya 12.

Swichi ya Kimarekani ina miguu mitatu. Tumia ile iliyoandikwa COM na NO. Ukifunga NC badala ya NO, kompyuta itaona kitufe kimebonyezwa muda wote usipokigusa. Vishikio vya waya navyo hutofautiana: mm 4.8 kwa swichi hizo, mm 2.8 kwa Sanwa.

Kitufe cha kuanzia nakiweka mbali na vingine, tena kidogo, cha mm 24. Katika gemu nyingi za konsoli ndicho kinachosimamisha mchezo, na kiganja kikikigonga katikati ya pambano, ugomvi unatoka kwenye skrini na kuhamia sebuleni.