KOMPYUTA HAIHESABU ISICHOGEUZIWA: SOMO LA NAMBA KATIKA FAILI YA MAANDISHI

Kuna wenzetu wanaodai eti Kiswahili ni cha mashairi na insha tu, ati mambo ya kompyuta hayaelezeki kwacho. Mimi nasema penye nia pana njia. Leo nitaeleza somo moja la programu za kisayansi, na mifano nitaitoa hapa hapa kwetu Kisii na Nyamira.

Faili ya maandishi ni nini?

Ni faili isiyo na mapambo yoyote. Ndani yake mna herufi, tarakimu, koma na nafasi, mstari baada ya mstari. Wanasayansi huipenda kwa kuwa kompyuta yoyote, iwe kuukuu au mpya, huweza kuifungua. Tuchukue matokeo ya sensa ya 2009 na ya 2019. Tukiyaandika katika faili tutakayoiita watu.txt, yatakuwa hivi:

kaunti,mwaka2009,mwaka2019
Kisii,1152282,1266860
Nyamira,598252,605576

Mstari wa kwanza ni wa majina ya safu. Inayofuata ndiyo yenye hesabu yenyewe.

Tarakimu bado si namba

Hapa ndipo wengi huteleza. Kompyuta ikisoma 45 ndani ya faili haioni arobaini na tano. Inaona alama mbili zilizofuatana, kama vile inavyoona herufi k na i. Ukijumlisha 45 na 38 kabla hujazigeuza, lugha ya Python itaziunganisha tu na kukupa 4538! Ukiiambia ipange 9 na 10, itatanguliza 10, maana alama ya 1 huja kabla ya alama ya 9. Ni kama gunia la mahindi pale soko la Daraja Mbili: kabla hujalifungua ukapima, huwezi kusema lina debe ngapi.

Basi fuata hatua hizi:

1. Fungua faili, uruke mstari wa majina.
2. Soma mstari mmoja na uondoe alama ya mwisho wa mstari.
3. Ukate mstari kila penye koma. Katika Python agizo lake ni split.
4. Hesabu vipande. Lazima viwe 3. Visipokuwa 3, programu isimame na itaje ni mstari wa ngapi.
5. Geuza kipande cha pili na cha tatu viwe namba: int kwa namba kamili, float kwa zenye nukta.
6. Fanya hesabu yako, kisha urudi hatua ya 2 mpaka mistari iishe. Mwisho, funga faili.

Ukifuata hatua hizo utapata kwamba Kisii iliongezeka watu 114,578, yaani asilimia 9.9, na Nyamira watu 7,324, yaani asilimia 1.2.

Hatari ya koma

Vitabuni tumezoea kuandika 598,252 ili macho yasichoke. Sasa tazama mtu akiipeleka koma hiyo katika faili yetu:

Nyamira,598,252,605,576

Vipande vimekuwa 5! Programu isiyo na hatua ya 4 itachukua 598 kuwa watu wa 2009 na 252 kuwa watu wa 2019. Itatangaza bila aibu kwamba watu wa Nyamira wamepungua kwa 346. Haitakwama wala kulalamika. Kosa linalopiga kelele ni afadhali, kwa sababu utalirekebisha. Linalonyamaza ndilo la kuogopwa. Na hili si jambo la mzaha. Idadi ya watu ni mojawapo ya vigezo vinavyotumiwa kugawia kaunti zetu fedha za serikali kuu. Nyuma ya tarakimu hizo kuna dawa za zahanati na barabara za kupeleka majani chai kiwandani.

Pengo si sifuri

Tuseme tunapima mvua shuleni kwa siku 5, na siku ya tatu hakuna aliyekwenda kusoma kipimo. Huu ni mfano wa kubuni, kwa milimita:

12.4
0.0
-9999
8.6
3.0

Wataalamu wa hali ya hewa huandika namba isiyowezekana, kama -9999, kuonyesha pengo. Programu isiyojua desturi hiyo itatoa wastani wa -1995, na hapo angalau utashtuka. Lakini ukijaza sifuri mahali pa pengo, wastani utakuwa 4.8, na hakuna atakayeshuku kitu. Njia ya haki ni kuiacha siku hiyo nje: jumla 24.0 gawanya kwa siku 4, jibu 6.0. Kumbuka 0.0 ya siku ya pili ni kweli, maana mtu alikwenda akakuta kipimo kikavu. Milima yetu ya Gusii imewahi kukumbwa na milipuko ya malaria, na mvua ni miongoni mwa mambo wanayoyachunguza watafiti wake. Ukiandika ukame pale ambapo mtu alisahau tu kupima, unawapotosha.

Zoezi

(a) Mtu ameandika 6O5576, akitumia herufi O badala ya sifuri. Ni hatua gani itakayomnasa?
(b) Tafuta ongezeko la kaunti zote mbili kwa pamoja. Usipopata 121,902, rudi ukague vipande vyako.

Wenzangu, kabla ya kuiamini kompyuta, fungua faili uitazame kwa macho yako. Mwenda pole hajikwai.